Lizzy Lind af Hageby na mbwa wa kahawia: maisha ya mtetezi wa wanyama

Tarehe 2 Februari 1903, wanawake wawili vijana kutoka Sweden waliketi katika ukumbi wa mihadhara wa chuo cha University College, jijini London. Pamoja nao walikuwepo wanafunzi wapatao 60. Mbele yao, juu ya meza, alilazwa mbwa mdogo wa rangi ya kahawia, amefungwa miguu na mdomo. Wahadhiri walimpasua ili wanafunzi waone jinsi mwili unavyofanya kazi, na somo lilipokwisha mbwa huyo aliuawa.

Wanafunzi wengi walitoka ukumbini na maelezo ya somo kwenye madaftari yao. Wanawake wale wawili walitoka na jambo jingine. Waliamini kwamba mbwa hakuwa amelala kwa dawa ya usingizi, na kwamba alisikia maumivu muda wote.

Mmoja wao aliitwa Lizzy Lind af Hageby, akiwa na umri wa miaka 24. Aliyoyaandika kuhusu somo lile yalizaa kesi kubwa, sanamu iliyolindwa na polisi usiku na mchana, na ghasia katika mitaa ya London. Yeye mwenyewe aliendelea kusimama majukwaani kuwatetea wanyama kwa karibu miaka 60. Katika makala haya tunaeleza alikuwa nani, alipigania nini, alishindwa wapi, na kwa nini hoja zake bado zinasumbua hadi leo.

Binti wa ukoo wa juu

Lizzy Lind af Hageby alizaliwa tarehe 20 Septemba 1878 katika mji wa Jönköping, kusini mwa Sweden. Familia yake ilikuwa na mali na jina, na babu yake alikuwa mtumishi wa ngazi ya juu katika nyumba ya mfalme. Alipelekwa Uingereza kusoma Cheltenham Ladies' College, shule ya wasichana iliyosifika sana. Huko alijifunza Kiingereza vizuri kiasi kwamba baadaye aliweza kuhutubia na kujibu maswali katika lugha hiyo kuliko wenyeji wengi.

Mwaka 1900, akiwa na rafiki yake Leisa Schartau, alitembelea Taasisi ya Pasteur jijini Paris, Ufaransa. Taasisi hiyo inabeba jina la Louis Pasteur, mwanasayansi aliyetengeneza chanjo ya kichaa cha mbwa na kuitumia kwa binadamu mwaka 1885. Leo mtu akiumwa na mbwa mwenye kichaa na kuwahi kituo cha afya, maisha yake huokolewa na chanjo iliyotokana na kazi ile. Lakini ili kuipata, Pasteur na wenzake walitumia sungura na mbwa wengi.

Marafiki hao wawili waliona upande huo wa pili. Waliona wanyama vizimbani, chumba baada ya chumba, wakiwa wameambukizwa magonjwa kwa makusudi ya uchunguzi. Walirudi nyumbani wakiwa na majonzi, wakajiunga na chama cha Sweden kilichopinga kupasua wanyama wakiwa hai.

Muda si mrefu waligundua udhaifu wao. Kila walipobishana na madaktari, waliambiwa kwamba hawajui wanachokisema kwa sababu hawakusomea udaktari. Basi wakachukua uamuzi ambao wanaharakati wachache huuchukua: waende wakasome somo lenyewe, ili wapingane na wataalamu kwa lugha ya wataalamu.

Daftari la wanafunzi wawili

Mwaka 1902 walijiandikisha katika chuo cha udaktari cha wanawake jijini London. Chuo hicho hakikuruhusu kupasua wanyama hai, lakini wanafunzi wake waliruhusiwa kuhudhuria masomo katika vyuo vingine vilivyofanya hivyo. Wanawake hao walihudhuria mihadhara na maonyesho takriban 100 katika vyuo viwili, na kila walichokiona walikiandika.

Hapa inafaa kueleza sheria ilivyokuwa. Tangu mwaka 1876 Uingereza ilikuwa na sheria iliyosimamia majaribio ya kisayansi kwa wanyama. Mtafiti alitakiwa kuwa na leseni. Mnyama alitakiwa kupewa dawa ya usingizi, isipokuwa pale ambapo dawa hiyo ingeharibu jaribio, na hapo kibali maalumu kilihitajika. Tena, mnyama aliyekwisha kufanyiwa jaribio moja hakutakiwa kutumiwa kwa jaribio jingine. Alipaswa kuuawa kabla hajazinduka.

Mbwa wa kahawia alikuwa amepasuliwa mara ya kwanza Desemba 1902 na Profesa Ernest Starling, aliyekuwa akichunguza kongosho. Akakaa kizimbani kwa takriban miezi miwili. Tarehe 2 Februari, Starling alimpasua tena ili kuangalia matokeo ya upasuaji wa kwanza, kisha akamkabidhi mwenzake, William Bayliss, aliyempasua shingoni ili kuwaonyesha wanafunzi jinsi tezi za mate zinavyofanya kazi. Baada ya hapo mwanafunzi mmoja alimuua mbwa huyo. Mwanafunzi huyo, Henry Dale, baadaye alikuwa mwanasayansi mkubwa na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Katika maelezo yao, Lizzy na Leisa waliandika kwamba hawakusikia harufu ya dawa ya usingizi, kwamba mbwa alijitahidi kujinasua, na kwamba baadhi ya wanafunzi walikuwa wakicheka. Maelezo hayo waliyachapisha katika kitabu mwaka huohuo wa 1903. Kabla ya hapo walikuwa wamempelekea Stephen Coleridge, mwanasheria na kiongozi wa chama kikubwa kilichopinga upasuaji wa wanyama hai. Coleridge aliona kuwa hapo sheria imevunjwa. Badala ya kufungua mashtaka, mwezi Mei alisimama mbele ya umati mkubwa katika ukumbi wa St James's Hall na kulisema jambo hilo hadharani. Magazeti yakalichukua.

Kesi ya kwanza

Bayliss alisema amechafuliwa jina. Coleridge alipokataa kuomba radhi, alimshtaki kwa kashfa. Kesi ilisikilizwa Novemba 1903 katika mahakama maarufu ya Old Bailey, mbele ya Jaji Mkuu. Watu walipanga foleni nje ya mahakama, na wanafunzi wa udaktari walijaa ndani.

Wanawake wale wawili walitoa ushahidi wa walichokiona. Upande wa pili, Bayliss alieleza kwamba mbwa alikuwa amepewa mofini, kisha mchanganyiko wa dawa za usingizi kupitia bomba ambalo watu waliokaa kwenye viti hawakuweza kuliona. Wanafunzi waliokuwepo walimuunga mkono. Starling alikiri kwamba alimtumia mbwa yule zaidi ya mara moja kinyume na sheria, akajitetea kuwa alifanya hivyo ili asiue mbwa wawili badala ya mmoja.

Wananchi walioteuliwa kuamua kesi, wote wanaume, walijadiliana kwa dakika 25 tu. Wakampa ushindi Bayliss. Coleridge aliamriwa kumlipa fidia ya pauni 2,000, mbali na gharama za kesi za pauni 3,000. Zilikuwa fedha nyingi sana kwa wakati ule. Gazeti moja lilianzisha mchango, na ndani ya miezi michache wasomaji walichanga zaidi ya pauni 5,000. Bayliss naye aliitoa fidia yake kwa chuo ili itumike katika utafiti.

Kwa Lizzy, pigo hilo lilikuwa kubwa, kwa kuwa mahakama haikuamini maelezo yake. Sura ya kitabu iliyomhusu mbwa wa kahawia iliondolewa, na toleo lililofuata likawa na sura kuhusu kesi yenyewe. Lakini Waingereza wengi ambao hawakuwahi kufikiria kinachotendeka ndani ya maabara sasa walikuwa wakibishana juu yake majumbani. Mwaka 1906 serikali iliunda Tume ya Kifalme kuchunguza suala zima la majaribio kwa wanyama, na Lizzy alikuwa miongoni mwa waliotoa ushahidi mbele yake.

Sanamu iliyoleta ghasia

Mwaka huo wa 1906, tarehe 15 Septemba, sanamu ya mbwa ilizinduliwa katika eneo la Battersea, kusini mwa mto Thames. Battersea lilikuwa eneo la wafanyakazi wa kipato cha chini na la vyama vya wafanyakazi, na lilikuwa na hospitali iliyokataa kuajiri madaktari waliopasua wanyama hai. Sanamu ilisimama juu ya nguzo ya mawe yenye bomba la maji ya kunywa kwa watu, na chini yake birika la mbwa na farasi. Maandishi yake yalieleza kwamba mbwa wa kahawia alikufa katika maabara ya University College, na yakataja mbwa wengine 232 waliopasuliwa hapo mwaka 1902.

Wanafunzi wa udaktari waliona hayo ni matusi. Usiku wa tarehe 20 Novemba 1907 kundi lao lilivuka mto likiwa na nyundo kubwa na mtaimbo ili kuivunja. Kumi walikamatwa na kutozwa faini, na hilo likawakasirisha zaidi. Tarehe 10 Desemba wapatao 1,000 waliandamana katikati ya London, na polisi wa farasi wakapambana nao kwa saa kadhaa katika uwanja wa Trafalgar. Wengine walipojaribu kuifikia sanamu, wafanyakazi wa Battersea waliwatimua.

Ghasia hizo zilimfikia Lizzy mwenyewe. Mwezi huohuo alipohutubia mkutano huko Acton, magharibi mwa London, wanafunzi zaidi ya 100 waliingia, wakarusha viti na mabomu ya uvundo. Walivuruga hata mikutano ya wanawake waliodai haki ya kupiga kura, kwa kuwa wengi wa waliotetea wanyama walikuwa pia katika harakati hizo, Lizzy akiwemo. Kwa wanafunzi wale, mwanamke aliyesimama jukwaani kumkosoa profesa alikuwa amevuka mpaka mara mbili.

Polisi walilazimika kuilinda sanamu usiku na mchana, na gharama zikawa kubwa. Baada ya uchaguzi, madiwani wapya wa Battersea waliamua iondolewe, ingawa watu 20,000 walitia saini kupinga. Alfajiri moja ya Machi 1910, kukiwa bado giza, wafanyakazi wanne waliing'oa huku wakilindwa na polisi 120. Baadaye watu wapatao 3,000 walikusanyika uwanja wa Trafalgar kudai irudishwe. Haikurudishwa.

Duka, majukwaa na makongamano

Lizzy hakutegemea sanamu peke yake. Mwaka 1906 alianzisha chama chake cha kutetea wanyama pamoja na Nina Douglas-Hamilton, mke wa Duke wa Hamilton, mmoja wa watu wa ukoo wa juu kabisa Scotland. Wawili hao walizaliwa mwaka mmoja, na urafiki wao ulidumu hadi kifo. Nina alikuwa na mali na aliwajua wakubwa, Lizzy alikuwa na ulimi na kalamu.

Chama hicho kilifungua ofisi yenye duka katika barabara ya Piccadilly, pale matajiri wa London walipokwenda kununua nguo na vito. Kwenye dirisha la duka waliweka picha na vielelezo vya upasuaji wa wanyama, na wapita njia walisimama kutazama. Ndani walitoa vijitabu. Jioni Lizzy alikwenda kumbini kuhutubia, na mara nyingi alikubali mdahalo na madaktari ana kwa ana. Watafiti nao walijipanga: mwaka 1908 walianzisha chama cha kuitetea kazi yao mbele ya umma.

Julai 1909 Lizzy aliandaa jijini London kongamano la kimataifa la wanaopinga upasuaji wa wanyama hai. Wajumbe walitoka nchi mbalimbali za Ulaya na kwingineko. Hapo ulijitokeza mgogoro ambao yeyote aliyewahi kuwa kwenye kikundi cha kudai haki anaujua. Je, wadai jambo lote kwa mara moja, au wachukue hatua ndogo ndogo? Baadhi walitaka majaribio yote yapigwe marufuku mara moja, na waliona kukubali sheria nusu ni kusaliti wanyama. Wengine waliona kwamba bunge halitapitisha marufuku hiyo katika uhai wao, kwa hiyo afadhali wapate ukaguzi na masharti makali kwanza. Lizzy alitamani kuona majaribio yamekwisha, lakini kongamano lake lilielekea njia ya hatua kwa hatua. Mwezi huohuo wapinzani wa msimamo huo walifanya kongamano lao wenyewe jijini humo. Mgawanyiko huo haukupona.

Tume ya Kifalme ilitoa ripoti yake mwaka 1912. Haikupendekeza kupiga marufuku majaribio. Ilipendekeza wakaguzi waongezwe, kumbukumbu zitunzwe vizuri zaidi, na masharti ya maumivu yakazwe. Ilikuwa hatua ndogo kweli.

Mwanamke anayejitetea mwenyewe

Mwaka huo wa 1912 Lizzy alipata uraia wa Uingereza, na alikuwa karibu kuingia kesi yake ya pili. Daktari na mwandishi Caleb Saleeby aliandika gazetini kwamba kampeni ya Lizzy na dirisha lake la Piccadilly ni mfululizo wa uongo. Safari hii aliyeshtaki kwa kashfa ni Lizzy mwenyewe.

Kesi ilisikilizwa Aprili 1913. Wakati ule mwanamke hakuruhusiwa kuwa wakili Uingereza, kwani sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 1919. Lakini sheria haikumzuia mtu kusimamia kesi yake mwenyewe. Lizzy akasimama bila wakili. Hotuba yake ya ufunguzi peke yake ilichukua zaidi ya saa tisa. Alitoa ushahidi kwa saa nyingine nyingi, akahojiwa na mawakili wazoefu kwa zaidi ya saa nane, akawahoji madaktari juu ya mambo ya mwili, dawa na sheria. Hata watu ambao hawakukubaliana naye walishangazwa na uwezo wake.

Alishindwa. Kwa mara ya pili katika miaka kumi, waamuzi wa mahakama waliwaamini wanasayansi. Lakini kesi ilikuwa imejaza kurasa za magazeti kwa wiki kadhaa, na wanawake waliotaka kusomea sheria walikuwa wameona kwamba jambo hilo linawezekana.

Farasi wa vita na machinjio

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, majeshi yalitegemea farasi na nyumbu kuvuta mizinga na kubeba chakula. Walikufa kwa risasi, baridi, njaa na uchovu. Huku kwetu Afrika Mashariki, katika vita hiyohiyo, farasi, nyumbu na punda wa jeshi walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa wa nagana unaoletwa na mbung'o. Lizzy na chama chake walianzisha huduma iliyoitwa Msalaba wa Zambarau, na kwa makubaliano na serikali ya Ufaransa wakaendesha hospitali za kutibu farasi wa jeshi waliojeruhiwa.

Baada ya vita aligeukia machinjio. Hakula nyama, lakini alijua kwamba watu wengi wataendelea kula. Kwa hiyo alidai jambo lililowezekana: mnyama apoteze fahamu kabla ya kukatwa. Katika machinjio mengi ya Uingereza ng'ombe alipigwa shoka la kichwa, na mpigaji akikosea alirudia tena na tena. Chama cha Lizzy kilijenga machinjio ya mfano katika mji wa Letchworth ili kuonyesha wachinjaji na madiwani kwamba kazi inaweza kufanyika kwa njia nyingine. Wapo wengine wengi waliopigania jambo hilo, na mwaka 1933 bunge lilipitisha sheria iliyotaka ng'ombe azimishwe fahamu kwa chombo maalumu kabla ya kuchinjwa. Sheria hiyo iliwaachia Waislamu na Wayahudi nafasi ya kuchinja kwa taratibu za dini zao.

Lizzy na Nina walifungua pia ofisi Geneva, Uswisi, kulikokuwa na makao ya Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa. Waliona kwamba wanyama husafirishwa kupita mipaka ya nchi kwa meli na treni, kwa hiyo sheria ya nchi moja haitoshi.

Vita ya pili ilipozuka mwaka 1939, wakazi wengi wa London walianza kuwaua mbwa na paka wao wakihofia mabomu na njaa. Nina aliyafungua mashamba yake ya Ferne, kusini magharibi mwa Uingereza, kuwa hifadhi ya wanyama hao. Alipofariki mwaka 1951, Lizzy aliendelea kuisimamia kazi hiyo. Mwaka mmoja kabla, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70, alikuwa bado amefunga safari hadi The Hague, Uholanzi, kuhudhuria kongamano la dunia la kulinda wanyama.

Lizzy Lind af Hageby alifariki nyumbani kwake London tarehe 26 Desemba 1963, akiwa na umri wa miaka 85. Fedha na mali za chama chake ziliendelea kutumika katika kazi ya kutetea wanyama.

Nani alikuwa sahihi?

Swali hili haliishi kwa urahisi, na ni haki kueleza pande zote mbili.

Starling na Bayliss, wale wahadhiri wa mbwa wa kahawia, hawakuwa watu waliotesa wanyama kwa burudani. Mwaka 1902, kwa majaribio ya mbwa, waligundua kwamba kongosho hupata amri kwa kemikali inayosafiri ndani ya damu. Miaka mitatu baadaye Starling aliipa aina hiyo ya kemikali jina ambalo sasa tunalisikia kila kliniki: homoni. Mwaka 1921 watafiti wa Toronto, Kanada, nao wakitumia mbwa, walipata insulini kutoka kwenye kongosho, na Januari 1922 kijana wa miaka 14 aliyekuwa akifa kwa kisukari alidungwa sindano yake na hali yake ikaboreka. Kila mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini leo ananufaika na kazi ile. Lizzy aliamini kwamba usafi, chakula bora na makazi mazuri vingemaliza magonjwa bila majaribio hayo. Ni kweli vitu hivyo huokoa maisha mengi, lakini havikuleta insulini.

Kwa upande mwingine, hoja yake ya msingi ilishika mizizi ndani ya sayansi yenyewe. Yeye alisisitiza kwamba maumivu ya mnyama ni kitu cha kweli, na kwamba anayeyasababisha anapaswa kujieleza mbele ya watu. Mwaka 1959, Lizzy akiwa bado hai, wanasayansi wawili wa Uingereza, William Russell na Rex Burch, walichapisha kitabu kilichoweka kanuni tatu. Kwanza, tumia njia isiyohitaji mnyama kila inapowezekana. Pili, kama huna budi, tumia wanyama wachache iwezekanavyo. Tatu, punguza maumivu kwa kadiri yote. Kanuni hizo sasa zinafuatwa na maabara duniani kote. Sheria ya mwaka 1876 nayo ilibadilishwa na sheria mpya ya Uingereza ya mwaka 1986.

Jambo hili linatuhusu pia sisi. Kenya, ambayo ilirithi mfumo wa sheria wa Kiingereza, ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ambayo ndani yake majaribio kwa wanyama yanahitaji leseni, kama ile ya mwaka 1876. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Sheria zote mbili hazizungumzii maabara tu. Zinakataza pia kumpiga mnyama kikatili na kumtwisha mzigo kupita uwezo wake. Punda anayebebeshwa madumu ya maji hadi magoti yanapinda, au ng'ombe wa jembe anayefanyishwa kazi akiwa na kidonda chini ya nira, yumo ndani ya sheria hizo. Anayetaka kujua zaidi anaweza kumuuliza ofisa mifugo wa eneo lake.

Na huko Battersea, miaka 75 baada ya sanamu ya kwanza kung'olewa usiku, sanamu mpya ya mbwa wa kahawia iliwekwa katika bustani ya umma mwezi Desemba 1985. Bado ipo, kando ya njia tulivu yenye miti, na mara hii hakuna polisi anayeilinda.